Panya hakufa

Panya hakufa. Kisa cha thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyowalemaza watoto wakiwa tumboni, kinaanzia hapo, na ukipaelewa hapo vizuri, yaliyofuata hayakushangazi sana.

Mwaka 1954, katika mji mdogo wa Stolberg, Ujerumani Magharibi, kampuni ya Chemie Grünenthal ilipata kemikali mpya, ikawa inaitafutia kazi. Kampuni yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa 1946 na familia iliyozoea biashara ya sabuni na manukato. Walipompa panya unga ule, hata usingizi haukumshika. Ilibidi wapime jinsi anavyopunguza kuhangaika kizimbani ndipo waseme kwamba dawa inatuliza. Kisha wakafanya kipimo kilichokuwa cha kawaida katika maabara za dawa: ongeza dozi hatua kwa hatua mpaka uipate ile inayoua nusu ya panya. Hawakuipata. Waliongeza, wakaongeza tena, panya yumo tu anazunguka.

Kwa wakati ule hiyo ilikuwa habari njema kwelikweli. Dawa za usingizi zilizotumika zaidi zilikuwa za jamii ya babitureti, ambazo vidonge viwili vinakulaza na kiganja kizima hakikuamshi tena. Watu walikufa kwa kusahau kwamba wameshameza, watoto walikufa kwa kufungua kabati, na wengine walizimeza kwa kukusudia. Leo inatokea dawa inayoleta usingizi bila kuua! Mfanyabiashara gani angeiacha?

Tatizo ni kwamba kipimo kile hujibu swali moja tu: je, dawa hii ikimezwa nyingi kwa mpigo itamuua mnyama aliyekomaa? Hakisemi lolote juu ya mtu anayemeza kidonge kimoja kila usiku kwa miezi sita. Hakisemi lolote juu ya kiinitete chenye urefu wa milimita tano, ambacho mikono yake ndiyo kwanza inachipua. Na hata kwa lile swali moja, panya alikuwa shahidi dhaifu, kwa sababu thalidomaidi haiyeyuki vizuri majini, na kile kidogo kinachoingia mwilini panya hukivunjavunja upesi.

Tarehe 1 Oktoba 1957 dawa iliingia madukani kwa jina la Contergan, na mnunuzi hakutakiwa cheti cha daktari. Kulikuwa na vidonge vya miligramu 25, na vya miligramu 100 vilivyoitwa Contergan forte. Kulikuwa pia na dawa ya maji kwa watoto, ambayo Wajerumani waliipa jina la utani, juisi ya sinema: mtoto anapewa kijiko, analala, baba na mama wanakwenda zao kutazama filamu. Uingereza iliipokea Aprili 1958 kwa jina la Distaval, muuzaji akiwa Distillers, kampuni iliyojulikana zaidi kwa wiski. Tangazo lake moja lilimwonyesha mtoto mdogo akichezea chupa kwenye kabati la dawa, ujumbe wake ukiwa kwamba uhai wa mtoto huyu huenda ukategemea usalama wa Distaval. Sweden ikaitwa Neurosedyn, Japani Isomin, Kanada Kevadon. Ilifika nchi 46. Wingi huo wa majina uliumiza watu baadaye, maana ukisikia redioni kwamba Contergan ina hatari, utajuaje kwamba ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye mkoba wako kwa jina jingine?

Agosti 1958 kampuni ilituma barua kwa madaktari zaidi ya 40,000 wa Ujerumani, ikisema dawa hii inawafaa sana wajawazito na wanaonyonyesha. Ushahidi ulikuwa makala ya daktari mmoja wa Munich, Augustin Blasiu, aliyewapa dawa wagonjwa wake asione madhara. Lakini wagonjwa hao walikuwa wanawake waliokwisha kujifungua. Mama anayenyonyesha na mama mwenye mimba changa ni watu wawili tofauti kabisa kwa mfamasia, na ndani ya barua ile tofauti hiyo ilipotea.

Isitoshe, haikuwa kweli kwamba sayansi ya wakati ule iliamini kondo la nyuma ni ukuta usiopitika. Utetezi huo unasikika mpaka leo na haufai. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alikuwa ameshaonyesha kwamba mama akiugua rubela mwanzoni mwa mimba mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Kufikia 1952 ilikuwa imechapishwa kwamba dawa ya saratani iitwayo aminopterini inaharibu mimba na kumlemaza mtoto anayenusurika. Ujerumani Mashariki, iliyoombwa kuiruhusu dawa hii, ilikataa.

Sasa tuhesabu siku, kwa sababu hapa ndipo ukatili wa dawa hii ulipo.

Hesabu tangu mimba kutungwa. Thalidomaidi hudhuru viungo kati ya siku ya 20 na siku ya 36 hivi. Ikimezwa mwanzoni mwa kipindi hicho, huharibu masikio na mishipa ya fahamu ya uso na macho. Siku chache baadaye zamu ni ya mikono, kisha miguu, huku siku za mikono na za miguu zikipishana kidogo. Mwishoni kabisa ni vidole gumba na njia ya haja kubwa. Moyo, figo na utumbo navyo huumia humohumo. Mtaalamu aliyejua mama alimeza lini aliweza kukisia kwa karibu sana mtoto ameathirika wapi. Kidonge kimoja cha miligramu 50 kilitosha.

Mwanamke, hata hivyo, hahesabu tangu mimba kutungwa. Anahesabu tangu siku zake za mwisho, na kwa hesabu hiyo kipindi cha hatari ni siku ya 34 hadi ya 50. Mwenye mzunguko wa siku 28, kipindi kinapoanza, amechelewa kuona siku zake kwa muda usiofika wiki. Nani anastuka kwa wiki moja? Vipimo vya mkojo vya kununua dukani havikuwapo. Kipimo cha hospitali kilikuwa kumdunga mkojo wa mama chura wa kike wa kusini mwa Afrika na kusubiri kuona kama atataga mayai, nacho hakikuwa cha kila mtu. Wengi walingoja mwezi wa pili upite ndipo waamini.

Kinachoanza karibu na wiki ya sita, kwa hesabu hiyohiyo, ni kichefuchefu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Yaani dalili zinazompeleka mjamzito kutafuta dawa ya kumtuliza zilianza ndani ya siku zilezile ambazo dawa hiyo ilikuwa na sumu. Ingekuwa inadhuru mwezi wa saba, wangeathirika wachache. Ilidhuru wakati mama anaihitaji na hajijui.

Dalili ya kwanza kwamba kuna jambo haikutoka kwa watoto. Ilitoka miguuni mwa watu wazima. Mwaka 1959 daktari wa mishipa ya fahamu wa Düsseldorf, Ralf Voss, aliiuliza kampuni kama dawa hii inaweza kuharibu neva, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa mwenye ganzi. Akajibiwa kwamba hakuna taarifa kama hiyo. Taarifa ziliendelea kuja, mamia kwa mamia: miguu inachoma usiku, vidole havihisi kitu, na wengine hawakupona hata baada ya kuacha. Tarehe 31 Desemba 1960 barua ya daktari wa Scotland, Leslie Florence, ilichapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza, ikieleza wagonjwa wanne wa namna hiyo.

Barua hiyo ilifika mezani kwa Frances Kelsey, Washington. Alikuwa na miezi michache tu katika idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, na faili la Kevadon, yaani maombi ya kuiuza dawa hii Marekani kwa jina lile la Kanada, lilikuwa miongoni mwa mafaili yake ya mwanzo. Inasimuliwa kana kwamba alibashiri. Hakubashiri. Alisoma faili akaona halijakamilika: maelezo ya jinsi mwili unavyoinyonya na kuitoa dawa hayakutosha, na dawa iliyowalaza watu haikuwalaza wanyama, dalili kwamba miili hiyo haiitendei dawa kwa namna moja. Sheria ilimpa siku 60 za kukataa, la sivyo dawa inaruhusiwa yenyewe. Kila siku 60 zikikaribia kwisha alirudisha faili akitaka nyongeza, na hesabu ikaanza upya. Wakala wa Richardson-Merrell, kampuni iliyoomba kuiuza, waliwasiliana naye na wakubwa wake mara 50 hivi.

Alipoiona barua ya Florence akauliza la neva. Mei 1961 akauliza jingine: ikiwa dawa inaharibu neva za mtu mzima, inafanya nini kwa aliye tumboni? Swali hilo lilikuwa na historia. Akiwa mtafiti wa Chicago wakati wa vita, katika kazi ya kutafuta dawa za malaria, alikuwa ameona kwamba sungura mwenye mimba na kijusi chake hawaivunji kwinini kama sungura wa kawaida. Alijua kwa macho yake kwamba kilicho tumboni si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa.

Marekani haikupona kabisa. Kampuni ilikuwa imegawa vidonge zaidi ya milioni 2.5 kwa madaktari zaidi ya 1,000, vikiitwa vya majaribio, na sheria ya wakati huo haikumtaka daktari hata amwambie mgonjwa kwamba anajaribiwa. Watoto 17 walizaliwa na athari.

Huko Ujerumani watoto walikuwa wameanza kuonekana katika kliniki moja baada ya nyingine, mikono mifupi imeungana moja kwa moja na mabega, ulemavu ambao daktari angeweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kuuona hata mara moja. Hamburg, daktari wa watoto Widukind Lenz alianza kuzungukia familia na kuuliza. Hojaji yake ya kwanza iliuliza kwa jumla: magonjwa, eksirei, sabuni, vyakula, dawa. Kama mmoja kati ya mama watano alitaja Contergan. Novemba 1961 alirudi kwao akauliza kwa jina: ulimeza Contergan? Karibu nusu wakasema ndiyo. Kwa nini hukuitaja mwanzo? Wakajibu kwamba ni kitu kidogo mno, hakikustahili kutajwa.

Jibu hilo linafundisha kuliko jedwali lolote. Tangazo lilikuwa limefanya kazi yake barabara, hata mama hakuihesabu kuwa ni dawa. Kila mhudumu wa kliniki anajua jambo hili. Uliza kama mtu anatumia dawa, atasema hapana. Uliza kama anatumia Panadol, majani ya kuchemsha, sindano ya uzazi, dawa ya kifafa, ndipo orodha inapofunguka.

Lenz alimpigia simu mkuu wa utafiti wa Grünenthal, Heinrich Mückter, tarehe 15 Novemba. Tarehe 18 alisimama mbele ya madaktari wa watoto mjini Düsseldorf akasema analoshuku. Kampuni ilitaka kubandika onyo kwenye paketi. Tarehe 26, siku ya Jumapili, gazeti la Welt am Sonntag lilichapisha habari, na dawa ikaondolewa sokoni. Sydney, daktari William McBride alikuwa amefikia shaka hiyohiyo kwa njia yake, na barua yake ikatoka katika jarida la Lancet tarehe 16 Desemba. (Mtu huyohuyo miaka ya baadaye alighushi matokeo ya utafiti juu ya dawa nyingine, na 1993 akafutwa katika orodha ya madaktari. Kuona sawa mara moja si leseni.) Kanada iliendelea kuuza hadi Machi 1962, na Japani hadi Septemba. Kwa kuwa mimba huchukua miezi tisa, watoto waliendelea kuzaliwa nusu mwaka na zaidi baada ya maduka kufungiwa. Makadirio ya kawaida ni zaidi ya 10,000 duniani, na takriban asilimia 40 walifariki wakiwa wachanga. Mimba zilizotoka hazimo.

Kesi ya wakuu wa Grünenthal ilianza Mei 1968 katika ukumbi wa mgodi wa makaa ya mawe huko Alsdorf, ikaenda vikao 283, ikafungwa Desemba 1970 bila hukumu, baada ya kampuni kukubali kutoa maki milioni 100. Iliomba radhi rasmi mwaka 2012.

Ilikuwaje panya asijue? Jibu lilikuja 2010, kutoka kwa kikosi cha Takumi Ito na Hiroshi Handa huko Tokyo. Ndani ya chembe hai kuna mtambo unaobandika alama kwenye protini zilizochakaa ili zikavunjwe. Sehemu moja ya mtambo huo inaitwa serebloni. Thalidomaidi hukaa kwenye kishimo cha serebloni kama kabari, na mtambo unaanza kukamata protini zisizo zake. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba mojawapo ya zinazokamatwa ni SALL4, inayohitajika mikono na miguu inapochipua. Watu wanaozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo huwa na mikono inayofanana sana na ya waathirika wa thalidomaidi. Serebloni ya panya inatofautiana na yetu katika kijenzi kimoja pale panapohusika, na SALL4 yake nayo haifanani na yetu. Kabari inaingia, mtambo haukamati kitu. Kwa hiyo hata wangempima panya mwenye mimba, huenda wangeona vitoto vichache zaidi, lakini vyenye viungo kamili. Sungura ndiye aliyesema kweli, na mwaka 1962 George Somers wa Distillers alipata kwake ulemavu uleule. Ndiyo sababu leo dawa mpya hupimwa kwa wanyama wenye mimba wa aina mbili, mmoja asiwe wa jamii ya panya, na mara nyingi ni sungura.

Kuna dai katika vitabu vya shule ambalo lingefaa kustaafu. Molekuli ya thalidomaidi ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na husemwa kwamba kama wangeuza ile sura "nzuri" tu, maafa yasingetokea. Yangetokea. Ndani ya mwili sura moja hugeuka kuwa nyingine kwa saa chache.

Dawa yenyewe haikuzikwa. Mwaka 1964, Jerusalem, Jacob Sheskin alimpa mgonjwa wa ukoma aliyekosa usingizi kwa maumivu, na vinundu vyekundu vya ugonjwa huo vikaanza kunywea. FDA iliikubali kwa kazi hiyo Julai 1998, kisha 2006 kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Brazil, yenye wagonjwa wengi wa ukoma, iliendelea kuitumia, na huko watoto wenye athari wamezaliwa tena. Moja ya sababu ilikuwa picha kwenye paketi: mama mjamzito aliyepigwa mstari. Wapo walioisoma kuwa dawa ya kuzuia mimba. Sababu nyingine ni ile tunayoijua nyumbani: vidonge vya mjomba vimebaki kabatini, dada anaumwa, anapewa.

Masharti ya leo ya Marekani yametengenezwa kufuata kalenda ile ya siku. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza, na kipimo kisiwe na umri wa zaidi ya saa 24. Hupimwa kila wiki kwa wiki nne za mwanzo, halafu kila wiki nne, au kila wiki mbili kama siku zake hazina mpangilio. Hutumia njia mbili za kuzuia mimba kuanzia wiki nne kabla ya kidonge cha kwanza hadi wiki nne baada ya cha mwisho. Haandikiwi dozi ya zaidi ya siku 28. Mwanamume hutumia kondomu hata kama amefungwa mirija, kwa kuwa dawa huingia kwenye shahawa. Hakuna anayeruhusiwa kutoa damu. Na kila ziara mgonjwa huulizwa kuhusu ganzi, swali lilelile la Voss.

Kwa upande wetu wa dunia, swali hili lilirudi kwa dawa nyingine. Mei 2018 utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ulitoa onyo kuhusu dolutegravir, dawa ya VVU, ile D iliyo kwenye kidonge cha TLD. Kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakiitumia mimba inatungwa, wanne walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo au fuvu, yaani asilimia 0.94. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwawekea mipaka wanawake wa umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali wakasema wapewe taarifa na njia za uzazi wa mpango, halafu waachiwe waamue wenyewe, kuliko kunyimwa dawa iliyo bora.

Wakati huohuo kuhesabu kuliendelea. Mwaka 2019 ilikuwa 5 kati ya 1,683, asilimia 0.30, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Kufikia 2022 ilikuwa 10 kati ya 9,460, asilimia 0.11, sawa na dawa nyingine. Onyo la mwanzo halikuwa uzushi. Lilikuwa namba ndogo, na namba ndogo hucheza.

Mashine kubwa haikuwepo. Kazi yote ya Tsepamo ilikuwa ya wakunga katika hospitali za serikali. Mtoto anazaliwa, anafutwa, anatazamwa kichwa, midomo, vidole, kisha anageuzwa na mgongo kuangaliwa mpaka kiunoni. Mkunga anaandika alichoona, pamoja na dawa aliyotumia mama na tarehe aliyoianza. Kikionekana kisicho cha kawaida, na mama akikubali, kinapigwa picha ili mtaalamu akiangalie bila kuambiwa mama alikuwa anameza nini.